Fundi Sikio na amplifaya ya kilo ishirini na moja

Saa tatu na robo asubuhi, siku ya Jumatano, fundi amepiga magoti kwenye sebule ya watu, kichwa kimezama nyuma ya kabati la redio. Anavuta waya mmoja mmoja na kuupapasa kwa vidole kama mtu anayechambua mchele. Juu ya kabati kuna amplifaya mbili. Moja ni ya zamani, kifuniko chake kimejaa mikwaruzo. Nyingine ni mpya, nyeusi, yenye uzito wa kilo ishirini na moja, na vitufe vyake bado vimefunikwa plastiki ya dukani.

"Mzee, hiyo plastiki usiibandue," anasema bila kugeuka. "Ukiibandua umenunua."

Mwenye nyumba, dereva mstaafu wa treni, anarudisha mkono mfukoni.

Bei ya hiyo mpya ni pensheni yake ya miezi kumi na minne. Muuzaji amewaruhusu wakae nayo siku tatu, lakini kwa hundi iliyosainiwa. Ijumaa saa kumi jioni kama haijarudi dukani, hundi inakwenda benki. Ndiyo maana fundi ameitwa aseme: inunuliwe au irudishwe.

Fundi ana miaka hamsini na sita, na thelathini na mmoja kati ya hiyo ameinama juu ya redio za watu. Mtaani anaitwa Sikio. Karakana yake ni chumba cha hatua nne kwa tatu nyuma ya duka la viatu. Hata hivyo, nusu ya kipato chake haitoki humo. Inatoka kwa watu wanaotaka kununua vyombo vya bei kubwa na kuogopa kuuziwa takataka. Anakwenda nao, anasikiliza, anawapa jibu. Anatoza ujira wa siku mbili za karakana, na ni uleule hata akisema acha.

"Maduka mawili yalitaka kunipa asilimia," anasema. "Nikawaambia, mkinilipa ninyi, basi mteja nimempeleka machinjioni mwenyewe."

Kabla ya kusikiliza chochote, anapiga mlio mmoja usiobadilika na kupima kwa mita umeme unaofika kwenye spika. Anarekebisha mpaka amplifaya zote mbili zinatoa kiasi kilekile. Anasema hapo ndipo wanunuzi wengi wanapoliwa.

"Muuzaji akiongeza sauti ya mashine moja kidogo tu, hata wewe hujui kama ameongeza. Lakini sikio litasema hiyo ndiyo nzuri. Watu wametoa pesa zao kwa sababu ya kidole cha muuzaji."

Kisha anafunika zote mbili kwa shuka. Katikati anaweka kisanduku cha swichi alichokitengeneza mwenyewe. Ukigeuza huku inapiga moja, ukigeuza kule inapiga nyingine, na anayesikiliza hajui ipi ni ipi.

Karibu na dirisha, kwenye kiti chenye mito mitatu, amekaa mke wa dereva. Alifundisha kwaya miaka ishirini na tisa. Moyo wake ulipoanza kusumbua, aliambiwa aache kusimama muda mrefu, na huu ni mwaka wa pili hajapanda ngazi. Amebaki na rekodi moja ya kwaya yake, iliyofanywa miaka kumi na mmoja iliyopita. Katika mstari wa mbele yumo mdogo wake wa kike. Mwaka uliofuata mdogo wake alifariki.

"Kabla ya ubeti wa pili alikuwa anavuta pumzi kwa nguvu, kama mtu aliyeunguzwa na chai," mama anasema. "Nilimgombeza miaka yote kwa hiyo pumzi. Sasa ndiyo ninayoitafuta. Tangu mwaka jana siisikii. Kwaya yote ipo, yeye hayupo."

"Nikasema ni redio imechoka," mumewe anaingilia. "Yeye akasema ni masikio yake."

"Bwana mkubwa huyu akishaanza kubishana," mama anamwambia fundi, "hata treni inashuka relini yenyewe."

Fundi anaanza yeye. Dereva anashika swichi, anarusha sarafu kuamua aweke upande gani, anaandika kwenye karatasi. Mara nane fundi anasikiliza dakika moja ya rekodi na kutaja kama ni mpya au ya zamani. Wanahesabu. Amepatia mara nne, sawa na mtu aliyekuwa anabahatisha tu.

Hapo uso wake unatulia. Kwake jibu limepatikana.

"Mzee, hakuna tofauti. Irudishe. Hii ya zamani ni nzima kabisa."

"Nami nijaribu," mama anasema.

Mara nane, na mara zote nane anapatia. Fundi anakunja uso. Anadhani labda mlio wa swichi unamwonyesha, au labda macho ya mumewe. Anamtoa dereva sebuleni, anageuza kiti cha mama kitazame ukutani, anashika swichi mwenyewe. Mara nane tena. Hajakosa hata moja.

"Mama, unasikia nini?"

"Namsikia mdogo wangu. Kwenye hii yupo. Kwenye ile nyingine hayupo."

Fundi anamwita dereva arudi, anageuza kiti cha mama kama kilivyokuwa, na kurudisha kipande hicho kwenye mashine mpya. Anainama mpaka sikio linakaribia kugusa spika. Ubeti wa kwanza unaisha. Mama anafumba macho. Ubeti wa pili unaanza.

Anarudia. Anageuza sikio la pili. Anarudia tena.

Baadaye, akiwa karakanani, ndipo alipoweza kuisimulia asubuhi ile. "Niliona uso wa mama ulivyobadilika pale pumzi ilipopita. Kwangu mimi pale palikuwa kimya. Kimya kabisa, kama ukuta. Na nusu saa nyuma nilikuwa nimeshamwambia mzee wa watu kwamba mashine yake ni nzima."

Pale sebuleni alikaa kwanza chini kwenye zulia, ndipo akasema.

"Mzee, mama, hiyo pumzi mimi siisikii. Siisikii kwenye ile wala kwenye hii. Nililosema mwanzo lisahauni."

Dereva akauliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza: "Kwa hiyo tununue?"

"Bado. Nipeni hiyo ya zamani mpaka Ijumaa. Kama ni gonjwa, huenda inatibika."

Jioni hiyo, wakati wa kula, alimuuliza mkewe, ambaye ni mshonaji, swali lililokuwa limemkaa njia nzima. "Hivi nyenje wa nyuma ya nyumba waliondoka lini?"

Mkewe aliweka kijiko chini. "Hawajaondoka, baba watoto. Wanalia sasa hivi."

Hakumcheka. Alimwambia tu kwamba siku hizi simu yake ikilia, jirani ndiye anayekuja kumwita. Yeye mke alidhani mumewe anafanya makusudi, kama wanaume wengi wanapoitwa wakapange foleni ya maji.

Alhamisi fundi alikwenda chuo cha ufundi kuazima chombo kinachoonyesha sauti kama wimbi kwenye kioo. Hakuwa ameshika chombo hicho kwa miaka mingi, kwa sababu hakuwa anakihitaji. Alipitisha milio minene kwenye amplifaya ya zamani, ikatoka sawa. Alipopitisha milio myembamba, wimbi likashuka chini ya nusu. Kapasita nane, vile vipande vidogo vinavyohifadhi umeme ndani ya mashine, zilikuwa zimekauka kwa uzee. Alizing'oa, akaweka mpya, akapima tena. Wimbi likapanda, likawa sawa.

"Niliona kwa macho," anasema. "Kusikia sikusikia kitu."

Ijumaa saa nne asubuhi shuka lilirudishwa juu ya kabati. Safari hii mama alipatia mara nne kati ya nane, yaani hakusikia tena tofauti, na walipoanza duru ya pili aliacha kabisa kutaja mashine. Kila pumzi ilipopita alisema tu, "Huyu hapa." Walipomaliza aliomba wasizime, waiache iendelee mpaka mwisho.

Saa tisa alasiri ile ya kilo ishirini na moja ilikuwa imerudi dukani, na hundi imechanwa. Gharama ya matengenezo yote haikufika hata pensheni ya mwezi mmoja. Fundi alichukua hela ya kapasita na ya mikono yake. Dereva alipomwongezea ujira wa kusikiliza, alimrudishia.

"Hiyo kazi sikuifanya mimi."

Tangu siku hiyo, mteja akija kumwomba waende dukani, anamwambia kabla hawajatoka kwamba masikio yake hayasikii milio myembamba. Wamekuja watatu. Wawili wameondoka. Mmoja alimwambia usoni kwamba fundi wa redio asiyesikia ni sawa na dereva asiyeona.

"Hakukosea," anasema. "Ila dereva asiyeona akinyamaza ndiyo mbaya zaidi."

Jumanne anakwenda hospitali kupimwa, na mkewe amesema watakwenda wote ili daktari asidanganywe. Anaweka akiba anunue chombo cha mawimbi kilichotumika. Na kuna mpango mwingine, ambao hakuuanzisha yeye. Mke wa dereva ametuma ujumbe: kila Alhamisi, kwa muda wa saa mbili tu kwa ajili ya moyo wake, amplifaya za wateja ziletwe sebuleni kwake. Fundi atapima, atafunika, atageuza swichi. Mama atasikiliza. Ujira watagawana nusu kwa nusu.

"Alhamisi hii kuna jamaa anataka kununua ya bei kubwa kuliko hata ile," fundi anasema, akikaza skrubu za kisanduku chake. "Mama ametoa sharti moja: bei asiambiwe mpaka amalize kusikiliza. Na mimi nimemwomba moja. Akisikia kitu, asiniulize kama nami nimekisikia."