Mita Sitini kutoka Chemchemi

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi Kihanga, nikakaa. Wenzangu wamefika Mwanza, wengine wanavuka mpaka wa Murongo kila wiki na mizigo yao; safari yangu ndefu ni kushuka chemchemi na madumu mawili, na nikirudi lazima nipumzike. Jirani yangu wa bodaboda, badala ya salamu, huniuliza kama nimeshawahi kuona lami.

Mama alikuwa na maelezo yake. Kwetu, kitovu cha mtoto kikidondoka kilifukiwa chini ya mgomba, na mgomba ule ukawa wake. Wangu ulikuwa chini kabisa kwenye kibanja, shamba letu la migomba na kahawa, karibu na chemchemi, penye udongo mweusi. "Umeshika mizizi huko," alikuwa akinitania. "Nani atakung'oa?"

Kando ya wangu ulikuwepo mwingine. Ule ulikuwa wa dada yangu, aliyefariki kabla hajajifunza kutembea, mimi sijazaliwa. Picha yake haipo. Mama hakuwahi kuuza mkungu wa mgomba ule. Ulipokomaa, aliukata na kumpelekea mwanamke yeyote aliyejifungua karibuni.

Ng'ambo ya chemchemi, kwenye mteremko, kuna rweya, lile eneo la nyasi tupu ambalo tulizoea kuchungia mbuzi. Mfanyabiashara mmoja alilinunua ajenge nyumba za kupangisha walimu na watumishi. Trekta likachonga barabara, mvua ikanyesha, na asubuhi yake chemchemi ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Tulichota maji tukaacha yatuame, tukachota tena. Halafu vikachomekwa vigingi vya mashimo ya vyoo, juu kabisa ya maji.

Ukaitishwa mkutano palepale kwenye nyasi. Nilikwenda kwa sababu ni karibu.

"Shikamooni," msimamizi wa mradi alisema akiwa na kofia yake ngumu, kisha akaeleza jinsi maendeleo yanavyokuja. Mama alisimama kabla hajamaliza.

"Marahaba, mwanangu. Nyumba tunazitaka. Ila watu wako watakwenda haja juu, sisi tunywe chini?"

Watu walicheka, na msimamizi naye akacheka, lakini kidogo.

Afisa mazingira wa wilaya, mama mmoja mpole mwenye buti za mvua, ndiye aliyetaja masharti: mitaro ya kukinga udongo ichimbwe kabla ya msingi wowote, vyoo vihamie upande wa pili wa kilima, mteremko upandwe miti ya asili wala si mikaratusi, na ndani ya mita sitini kutoka kwenye maji asijenge mtu, asilime mtu.

"Hapo sawa," Mama akasema. "Tupime tuone."

Walitafuta wa kushika ncha ya tepu. Nilikuwa nimesimama bila kazi, ambayo ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nikapewa. Tulipanda mteremko, na vigingi vyote vya vyoo vikaonekana viko ndani. Wanawake wakapiga vigelegele. Msimamizi akavumilia mpaka vikaisha.

"Na upande wa pili?" akauliza.

Ndipo nilipovuka chemchemi na tepu mkononi, nikaingia kibanjani kwetu. Niliupita mgomba wa dada, nikaupita wangu, nikaipita mistari ya kahawa, na tepu ilikuwa bado haijafika mwisho. Natamani ningejikwaa.

"Sheria ni ya wote," msimamizi alisema, "au ni ya sisi wageni tu? Mama akibaki na migomba yake, na mimi nibaki na vyoo vyangu."

Afisa alimgeukia Mama, akasema taratibu kwamba migomba ya zamani inaweza kuzungumzwa, hakuna wa kumlazimisha. Lakini sote tulimsikia msimamizi.

Mama alitazama kibanja. Akatazama vigingi.

"Itang'olewa," akasema. "Na vyako navyo."

Jioni ile alipika, akatupakulia, na yeye hakula.

Kesho yake tulishuka na jembe na sululu. Tulianza na kahawa, ambayo ilitung'ang'ania kweli. Tulipofika kwenye mgomba wangu nikasita.

"Na huu?"

"Umo ndani ya mita, haumo?"

"Umo."

"Basi unaniuliza nini? Miaka yote nasema nani atakung'oa. Jing'oe."

Nikajing'oa. Jasho lilinitoka kuliko heshima yangu inavyoruhusu nikiri. Nilipousogelea wa dada, Mama alinyoosha mkono. "Huo niachie." Akauchimba mwenyewe, polepole, akizungukazunguka shina. Akatoa chipukizi moja, akaliviringisha kwenye kitenge. Shimo alilifukia kwa mikono. Mimi nikajifanya nanoa jembe.

Chipukizi lile alilipanda nyuma ya jiko. La kwangu hakuna aliyelikumbuka, hata mimi.

Vigingi vilihamishwa. Mitaro ikachimbwa, nyumba zikaezekwa, na pale chini sasa kuna nyasi na miche ya miti iliyotufika magotini. Mama hapiti tena njia ile. Maji nachota mimi.

Mwezi uliopita mgomba wa nyuma ya jiko ulitoa mkungu wake wa kwanza, mdogo. Kwenye nyumba mpya kuna mwalimu amejifungua. Mama aliukata, akanitwisha, akasema, "Peleka." Nikavuka chemchemi nikapanda mteremko wote, safari yangu ndefu kuliko zote. Jirani alinipita na pikipiki akapiga honi kama kwenye harusi.

Niliporudi, Mama alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua uso.

"Mtoto wanamwogesha kwa maji gani?"

"Ya chemchemi."

"Meupe?"

"Meupe, Mama."

Akaendelea kumenya.