Karakana Iliyotengewa Boma

Mwanamke niliyemfanyia kazi kwa miaka mingi pale Makoko, ufukweni Musoma, hakuwahi kushika randa wala msumeno, lakini boti zilizotoka kwenye karakana yake zilijulikana pwani yote ya upande wetu wa ziwa. Alirithi karakana kwa marehemu mumewe, pamoja na mafundi, kelele zao, na shemeji yake, mdogo wa marehemu, ambaye ndiye aliyekuwa fundi mkuu. Nyuma ya ua wa mbao ilikuwepo nyumba alimolea watoto wake na yatima wa dada yake. Karakana, nyumba na kiwanja vilikuwa mali moja, chini ya hati moja. Kila uamuzi alioufanya kuhusu biashara niliuelewa kwa kuanzia hapo: hakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Nilifika kwake baada ya kupunguzwa kazi katika kiwanda cha kuchambua pamba cha Bunda. Nilikuwa nimepanga chumba Nyasura, nina cheti cha darasa la saba na mazoea ya kusoma chochote kilichochapwa. Mtu aliyenijua alimwambia kwamba naweza kuandika barua za ofisini.

"Kiingereza unakiandika?" aliniuliza.

"Naandika, Mama."

"Na kunyamaza?"

Nikanyamaza. Akacheka, akanionyesha meza.

Ilikuwa miaka ya uhaba. Misumari ilipatikana kwa kibali, na kibali kilipatikana kwa kungoja. Mafundi walinyoosha misumari ya zamani juu ya jiwe siku nzima. Fundi mkuu alikuwa mtu wa mzaha, lakini siku moja alisema kwa dhati kwamba ubao wa juu, ule usioguswa na maji, ungetosha misumari miwili kila unapokutana na ubavu wa boti badala ya mitatu. "Nani atahesabu, shemeji?"

"Maji yatahesabu," Mama alisema.

Boti zikapungua mwaka ule, lakini kila iliyoshushwa ilikuwa na misumari mitatu. Wateja walingoja. Nilikuwa nimezoea ofisi ambako uhaba ulikuwa sababu ya kila kitu. Kwake haukuwa sababu ya chochote.

Baadaye mambo yalifunguka. Misumari ikajaa madukani, malori ya barafu yakaanza kuja kufuata sangara, na kila mwenye akiba akataka boti. Wavuvi wa upande wa Kenya nao wakaja. Kuivusha boti mpya mpaka kwao kulikuwa na usumbufu wake, wa mawimbi na wa forodha, na wengi wao wakasema: "Mama, kwa nini usije ukajengea kule?" Kule kulikuwa na kijana aliyejifunza ufundi Makoko, kisha akarudi kwao ng'ambo. Alikuwa na kiwanja ufukweni na mikono mizuri.

Fundi mkuu aliona jambo limekwisha. "Yule ni wa kwetu. Tulikuwaga tunakula naye sahani moja. Tupeleke misumeno, tupeleke mbao, kazi ianze. Ndugu hawaandikiani."

"Mume wangu hakuandikiana na ndugu," Mama akamjibu, "ndiyo maana nilikaa mahakamani muda mrefu kuliko nilivyokaa eda."

Fundi mkuu akaangalia chini, kwani alikuwa mmoja wa ndugu wale. Hawakulirudia tena, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuja kuwa mlinzi mkali wa uamuzi uliofuata, ingawa kwa kulalamika.

Mama akanituma nitafute njia zilizopo za kufanya kazi ng'ambo. Nilikuwa na kitabu cha sheria ya makampuni nilichokinunua kwa muuza karanga sokoni Musoma. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimeshafungiwa karanga, lakini zilizobaki nilizisoma mpaka nikazielewa. Nikaenda pia kwa wakili mmoja mjini, mzee mpole aliyekuwa tayari kujibu maswali ya mtu asiye na shahada. Nikarudi na njia nne. Kuwa na wakala wa kupokea oda tu. Kuingia ubia na yule kijana fundi wa kule. Kufungua tawi, yaani karakana ile ile ya Makoko ikiwa na mlango wa pili ng'ambo. Au kuandikisha kule kampuni mpya, yenye dhima yake yenyewe, yaani madeni yake hayamfuati mwenye hisa, ambayo Mama angemiliki hisa nyingi na yule fundi hisa zilizobaki.

Wakala hajengi boti, akasema, kwa hiyo wa kwanza nje. Ubia nao aliuondoa haraka: hakutaka deni la mwenzake liwe lake. Zikabaki mbili, tawi na kampuni, na hapo nikajitia kuzifafanua kwa mfano wa kwetu.

Kwetu Butiama mfugaji haweki ng'ombe wake wote katika zizi moja. Wengine huwapeleka kwa rafiki wa kijiji cha mbali, ili ugonjwa ukiingia usiwamalize wote. Rafiki hunywa maziwa, ndama ni wa mwenyewe, na ng'ombe akifa rafiki huleta ngozi iwe ushahidi. Nikamwambia kwamba kampuni mpya ni kama ng'ombe aliyepelekwa kwa rafiki: hasara ya kule inabaki kule.

Mama alikuwa mtu wa mjini, Mwislamu, ukoo wake umechanganyika kutoka pande nyingi, na hakuwahi kuchunga ng'ombe. Akafikiri, akaniuliza: "Huyo ng'ombe akivunja uzio, akala mihogo ya jirani wa rafiki yako, mwenye mihogo anamtafuta nani?"

"Atauliza ng'ombe ni wa nani. Atakuja kwetu."

"Basi hilo ni tawi, karani. Ng'ombe yuko mbali, kamba iko mkononi mwako."

Alikuwa sahihi, na nilikuwa nimeusoma ukurasa ule mara nyingi bila kuliona hilo.

"Kwenu kijana akioa inakuwaje?"

"Baba anamtengea boma. Anampa ng'ombe wake, wanakuwa wake kabisa."

"Na ng'ombe hao wakila mihogo?"

"Anaulizwa kijana. Baba anaweza kumsaidia akipenda."

"Akipenda," alirudia. "Hiyo ndiyo ninayoitaka. Kaandike hiyo."

Wakili alipousikia mfano ule alifurahi, kisha akauongezea onyo. Sheria, alisema, inamtambua mtoto aliyejitenga kweli. Akiendelea kula jikoni kwa mama yake, kutumia muhuri wa mama yake na kuchota ghalani kwa mama yake, ipo siku hakimu atauliza kama kweli alihama. Kulikuwa pia na kibali cha kupeleka mtaji nje ya nchi, na hicho kilituchukua muda mrefu kuliko mengine yote. Mama alikingoja kama alivyongoja misumari, bila kutafuta mlango wa nyuma.

Kampuni ikaandikishwa. Ilikuwa na jina lake, muhuri wake na akaunti yake. Baada ya hapo nikaona jambo ambalo mpaka leo nawaeleza vijana wanaoniuliza habari za kampuni: kuandikisha ni rahisi kuliko kuishi kama ulivyoandikisha.

Asubuhi moja fundi mkuu alikuwa anapakia mbao kavu za mvule zipelekwe ng'ambo. Mama akatoka na chai yake mkononi.

"Zimeuzwa?"

"Zimeuzwa vipi, shemeji? Si ni zetu?"

"Si zetu. Ni za Makoko. Wale wanunue."

"Ee Mungu wangu! Mama anamuuzia mtoto mbao!" Alisema kwa sauti ili mafundi wote wasikie, nao wakacheka. "Kesho utamuuzia na chumvi."

"Akiihitaji, nitamuuzia. Shusha."

Zikashushwa. Zilipakiwa tena baadaye, bei ikiwa imelipwa.

Misimu miwili ilikwenda vizuri. Kisha boti iliyojengwa kule ilipasuka katikati ya mawimbi, ubao ukaachana na mkuku, uti wa chini wa chombo. Wavuvi waliokolewa na boti nyingine, lakini chombo, injini na nyavu vilizama. Yule fundi wa ng'ambo alikiri mwenyewe kwamba alitumia mbao ambazo hazijakauka. Mbao za Makoko alizikuta ghali.

Fundi mkuu alimgeukia Mama. "Ungempa zile kavu bure, boti isingepasuka."

"Pengine," akasema. Sikuwahi kumwona akiwa amechoka kama siku ile. "Na kama ingepasuka kwa sababu nyingine baada ya mimi kumpa bure, leo wangekuwa wanaipima nyumba hii waipige mnada."

Na kweli walikuja. Mwenye boti alifika Makoko na jamaa zake wawili. Alikuwa mtu mzima, mwenye adabu, na alikuwa amepoteza kila alichokuwa nacho. Wakili alikuwa amemwonya Mama asiahidi lolote. Mama aliwapokea kwa chai na maandazi, akakaa nao kwenye mkeka.

"Dada, sikumjua yule kijana," mgeni alisema. "Nilinunua kwa sababu nilijua wewe uko nyuma yake."

"Ni kweli niko nyuma yake. Lakini yule ana boma lake. Kila kilicho kule, misumeno, mbao, banda, kidai, na mimi sitakuzuia. Hapa usipadai."

Alidai hapa pia. Angekuwa mjinga kutojaribu. Shauri lilisikilizwa kule, na wakili wa mwenye boti aliuliza yale yale tuliyoonywa: muhuri ni wa nani, akaunti ni ya nani, mbao zilitoka wapi na kwa malipo gani. Kila swali lilikuwa na jibu lililokuwa limeandaliwa asubuhi ile ya chai na mbao za mvule. Kampuni ya ng'ambo ikafungwa, vilivyokuwemo vikauzwa, mwenye boti akapata sehemu tu ya hasara yake. Hisa za Mama zilipotea zote, na mtaji aliouhangaikia kibali nao. Makoko haikuguswa.

Wengi wangeishia hapo na kushukuru. Mama alingoja mpaka shauri limekwisha kabisa, akamwuliza wakili kama sasa yuko huru. Wakili akasema yuko huru. Ndipo akanituma nimwandikie yule mtu kwamba akitaka boti nyingine, karakana ya Makoko itamjengea kwa bei ya mbao na misumari tu, bila ujira.

"Mama, si tumeshinda?" niliuliza.

"Tumeshinda, ndiyo maana naweza. Baba husaidia akipenda. Nimependa."

Wakili aliuandika mkataba ule kama mauzo mapya, bila kutaja boti iliyozama, isije ikaonekana Mama amekiri deni. Mgeni akaja, safari hii peke yake. Fundi mkuu alimpeleka ghalani, akamgongea mbao moja moja kwa kifundo cha kidole ili asikie mlio wa ukavu.

"Na hii itakuwa ya mama au ya mtoto?" mgeni akauliza.

"Ya mama," fundi mkuu alisema, "na utaona mwenyewe anavyotusimamia."

Akamkabidhi kopo la misumari alishike. Kazi ikaanza kwenye mkuku. Walipofika ubao wa juu, ule usioguswa na maji, nilimwona mgeni akiinama kuhesabu misumari ya kila ubavu, na fundi mkuu akimngoja amalize kabla ya kuinua nyundo tena.