Biti Moja Isiyofika Moja

Mashine yangu ya kutotolesha vifaranga ilifanya kazi Iyunga, ikagoma Ipogolo. Iyunga, nilikojifunza kuandika programu za kompyuta kwa lugha ya C baada ya kidato cha nne, wifi yangu hakuwepo. Ipogolo yupo. Mimi hapo nilishapata jibu.

Awamu ya kwanza mayai yote yaliharibika, vifaranga wamegandia upande mmoja wa ganda, maana trei haikuwa inageuka. Nikampigia mume wangu: dada yako anachomoa waya wa mota, aondoke hapa nyumbani. Awamu ya pili nikaufunga ule waya kwa uzi mweusi, akiugusa tu uzi ukatike. Siku nne uzi mzima. Ya tano nikamkuta mikono yote ndani ya mashine, mwanangu kambeba mgongoni. Kila yai kalichora kwa penseli, X upande huu, O upande wa pili.

"Unafanya nini kwenye mayai yangu?"

"Nayageuza, X na O zinanionyesha lipi bado. Limashine lako linajua joto tu. Tangu Jumatatu mota ni mimi."

"Nani kakutuma?"

"Yale ya kwanza yalivyonuka, nisubiri kutumwa?"

Sikumwamini. Nikachomeka laptop, nikaiambia programu inionyeshe thamani ya geuza, swichi ya mota ndani ya programu. Nilikuwa nimeweka 1. Ikaandika -1.

Nilitukana. Ili kubana kumbukumbu ya chipu, geuza niliipa biti moja tu, nafasi ya tarakimu moja, nikaitangaza int, yaani namba nzima. Int yenye alama, ile inayokubali hasi, huitenga biti ya juu kwa ajili ya hasi. Na kama biti ni hiyo hiyo moja, zinabaki sifuri na hasi moja, basi. Mota nayo niliiambia izunguke geuza ikiwa sawa na 1. Ingesubiri mpaka kiama! Kwenye hita, yenye biti yake, niliuliza tu kama si sifuri, ndiyo maana joto lilikuwepo. Na Iyunga je? Bodi nyingine, kompaila nyingine, ile inayoitafsiria chipu programu. C yenyewe inaiachia kila kompaila iamue kama int tupu ya biti ina alama au haina. Nani aliruhusu ujinga huo?

Nikaandika unsigned int, yaani isiyo na hasi, nikapakia upya. Trei ikalia kwii, ikaanza kuinama.

"Samahani, wifi."

"Kwani ulinishtaki kwangu?" Akanisogezea simu. "Mpigie kaka. Weka sauti kubwa."

Nikapiga. "Dada yako haendi popote," nikasema. "Aliyeharibu ni mimi."

Wifi akacheka, akanirudishia mtoto. Penseli nilimwomba aniachie. Hiyo trei bado naichunga.