Siku Mwenze Alipopewa Dawa ya Uyoga

Tangu kiwanda cha magari cha Forest, huko ughaibuni walikohamia, kifungwe, Mwenze alizimika kama redio iliyotolewa betri. Yeye aliyewachekesha watu hata kanisani, sasa alikaa dirishani kutwa bila neno. Vidonge alivyopewa havikumfaa. Hospitali moja ilipomkubali katika utafiti wa psilosibini, dawa itokanayo na uyoga, mkewe Thérèse alikosa usingizi kwa hamu. Alitaka jambo moja tu: kusikia tena utani wa mumewe.

"Uyoga?" dada yake Régine alimcheka. "Kwetu Lubumbashi tulikula uyoga kila mvua, na wazimu walibakia wazimu!"

"Haiko ile ya mboga, Régine. Hii iko ya ubongo!"

Maelezo ya daktari yalikuwa yamemkaa Thérèse kichwani. Huzuni nzito ni kama barabara ya tope: magurudumu huchimba mifereji, na kila gari likipita hutumbukia humohumo. Dawa hugusa vipokezi vya serotonini, kemikali ya hisia ubongoni, na kwa saa chache sehemu za ubongo zisizozoea kuzungumza pamoja zinazungumza. Tope linalainika, gari linaweza kushika njia nyingine. "Linaweza," daktari alikazia. Wengine hupata nafuu, wengine hawapati, na si dawa ya kujaribu nyumbani.

Siku yenyewe Mwenze alipewa dawa, akalazwa, akafungwa kitambaa machoni, muziki ukapigwa taratibu, waangalizi wawili wakakaa kando yake. Jioni mtu mmoja angekuja kumchukua. Lakini kwao mgonjwa haachwi peke yake. Thérèse alimwambia Régine, Régine akaiambia kwaya ya kanisa lao, na alasiri korido ilikuwa imejaa vitenge na sufuria.

"Madame, nilisema mtu mmoja!" muuguzi alilalamika.

"Bon, ni mimi. Hawa wananisindikiza tu."

Mlango ulipofunguka, wote waligeuka. Mwenze alitoka polepole, macho yamevimba kwa machozi. Mwenze akawakagua mmoja mmoja, mpaka shemeji yake Hervé aliyevaa suti nyeusi.

"Thérèse," alisema, "donc nilikufa? Mulikuya kwa kilio yangu?"

Régine alicheka hadi akadondokea kitini. Daktari alikuwa ameonya kwamba siku moja si uponyaji, na mazungumzo ya tiba ya wiki zijazo yalikuwa bado. Thérèse alilijua hilo. Hata hivyo alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Bado, papa Keren!" alimjibu kwa jina la mtoto wao. "Haukufa!"

Akapiga vigelegele, kwaya ikapokea, na muuguzi akakimbia kufunga milango ya wodi, naye akicheka.