Kizibo cha Unga wa Muhogo

Ipo siku moja ya ujana wangu ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, na hata sasa nikikusimulia miguu hainitulii. Ilikuwa hapahapa Kindu, enzi za Waungwana, wale wafanyabiashara wa Kiislamu waliotoka pwani, misafara ya pembe za ndovu ikipita kila mara. Mume wangu Amisi alikuwa ameteuliwa kubeba pembe hadi pwani, na wengi waliokwenda huko hawakurudi. Mnyapara wa msafara akatuambia kwa siri kwamba tukimpelekea mtungi wa mvinyo mkali kabla ya jua kutua, atamwacha Amisi nyumbani. Mbele za watu alikuwa mtu wa swala tano, lakini hayo tumwachie Mola wake.

Aliyejua kupika mvinyo ni Shangazi Feza, dada wa baba yake Amisi. Alichemsha pombe ya ndizi katika chungu kilichofunikwa, mvuke ukapita ndani ya mtutu wa bunduki kuukuu uliolazwa kwenye hori la maji baridi, ukatokea upande wa pili matone matone. Maungio aliyaziba kwa unga wa muhogo uliokandwa, na unga ule ulivuja. Kila mvuke ulipochomoza pembeni, niliona mume wangu anakwenda zake. Nikamwomba shangazi aongeze kuni.

"Moto kidogo unaita mvinyo," akasema. "Moto mukubwa unaita na maji, na yule munyapara atatema."

Nikakaa, nikasimama, nikaenda kutazama jua, nikarudi. Mtungi haukuwa umefika hata nusu. Shangazi alipoteremka mtoni kuteka maji mengine ya hori, Amisi akabandua unga wote, akaziba kwa udongo wa kichuguu, ambao ukishapata moto hauachii tena. Kisha akasukumiza kuni. Nilimwona, sikumkataza, moyoni nilishukuru.

Kwa muda mvinyo ukatiririka, tukacheka. Halafu pombe ikafura kwa ule moto, machicha yakaingia kwenye mtutu yakauziba, matone yakakoma. Chungu kikanyamaza. Tukadhani kinapumzika.

Shangazi akarudi na maji kichwani. Alitazama maungio, akatua maji chini.

"Nani aliweka hii udongo?"

"Ni mimi, shangazi. Mvinyo ilikuwa inapotea."

"Haikuwa inapotea. Chungu ilikuwa inapumua. Tokeni hapa, wote wawili."

Akanivuta mkono. Amisi akabaki nyuma kuunyakua mtungi, maana bila huo safari ilikuwa yake. Kifuniko kikaruka, chungu kikapasuka, na pombe ya moto ikamwagika juu ya mguu wake wa kulia, toka goti hadi unyayo.

Shangazi alimhudumia bila kugomba, na hilo lilituuma kuliko matusi. Alipomaliza ndipo akasema, "Udongo iko mingi hapa, hata mimi ninaiona. Unga ndiyo inaachia kwanza, mvuke ikizidi. Chungu inapona, na watu wanapona."

Jioni mnyapara alikuja, akautazama ule mguu uliofungwa majani ya mgomba, akaondoka. Mtu asiyetembea habebi pembe. Basi mume wangu akabaki nyumbani, mwanangu, kama nilivyoomba. Alibaki miaka yote akichechemea, na hakuna mtoto wetu hata mmoja aliyewahi kukimbizana naye. Nilikuwa naye, na niliumia kila nilipomwona akishuka kwenda mtoni.

Wewe unayejifunza kazi hii ya kupika mvinyo, usikasirikie kinachovuja kidogo. Acha mahali pa kuachia, kwenye chungu na nyumbani kwako pia. Mkeo akilalamika, mwanao akinung'unika, waache watoe yaliyomo. Uogope siku watakaponyamaza. Mimi hadi leo chungu kikinyamaza jikoni nainuka, hata nikiwa na wageni, nao hunicheka.

Mungu akupe moto wa kiasi na mikono isiyo na pupa, na watu wako awarudishe nyumbani kwa miguu yao wenyewe.