Gundi ya Muhogo Yashinda Stoo Yenye Unyevu

Haya ameyasimulia wifi wa mpika gundi, Jumapili iliyopita asubuhi, huku akikunja mifuko ya karatasi bila hata kuitazama, na akicheka kila alipofika penye aibu.

Saa kumi na moja alfajiri jiko limeshawaka. Mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana, anakaanga unga mweupe kwenye karai zito. Ni wanga wa muhogo: umekunwa, ukachujwa kwa kitambaa, ukatuama, ukaanikwa. Anaunyunyizia siki kidogo, anageuza, ananusa. Ukishika rangi ya chai ya maziwa, anauepua na kuukoroga kwenye maji ya moto. Hiyo ndiyo gundi.

"Ukiwa mweupe haunati vizuri, ukiwa mweusi umeungua," anasema. "Kazi iko hapo katikati."

Majirani wanamwita Mama Mwiko. Kwa miaka kumi na minne alipika uji na kuuuza nje ya lango la shule. Shule ilipoanza kuwapikia watoto yenyewe, wateja wakaisha ndani ya wiki moja. Akabaki na sufuria tatu, watoto wanne, na mikono isiyojua kukaa bure.

Wakati huo wifi yake alikuwa akitengeneza mifuko ya mkate kwa gundi ya dukani, na mwoka mikate alikuwa akilalamika kwamba mkate unanuka rangi ya mlango.

"Uji wangu ukikaukia kwenye sufuria hautoki hata kwa msasa," Mama Mwiko alimwambia. "Hebu nipe karatasi."

Uji ulinata, ila ulichelewa kukauka. Mzee mmoja mfunga vitabu akamfundisha kuukaanga wanga kwa siki, na hapo mambo yakanyooka. Mwoka mikate alipotaka kujua mfuko ukitupwa unakwenda wapi, Mama Mwiko alifukia mmoja nyuma ya jiko. Baada ya wiki sita akamwita aje na jembe. Walichimba, wakakuta udongo na minyoo iliyonenepa. Siku hiyohiyo akapewa kazi: mifuko elfu moja kila wiki.

Kiangazi chote mambo yalikwenda vizuri. Mvua zilipoanza, mifuko ikaanza kufunguka kitako. Mkate wa kwanza ulidondokea miguu ya mteja, wa pili ukaangukia tope. Mwoka mikate akaja mwenyewe, ameshika mfuko ulio wazi juu na chini.

"Mama, huu ni mfuko au ni mguu wa suruali?"

Mama Mwiko akautia mkono ndani ya mfuko, ukatokea chini.

"Nakupa wiki mbili," mwoka mikate alisema. "Niletee mifuko thelathini. Italala siku tatu kwenye stoo yangu, pale kuta zinapotoka jasho. Ikifunguka, nahamia mifuko ya plastiki, na sitaki tulaumiane. Na uniandikie kila kinachoingia kwenye gundi yako. Inagusa mkate, na watu wanauliza."

Wiki ya kwanza iliishia kwenye majaribio. Aliongeza wanga, akapunguza maji, akakaanga zaidi mpaka macho yakawa mekundu kwa moshi. Kila asubuhi aliikuta mifuko imeachama. Chakula kilimshinda. Akaanza kuulizia bei ya kibanda cha kuuzia mkaa.

"Wifi, acha mambo ya mkaa," mwenzake alimwambia. "Tuandike kwanza hiyo karatasi aliyoitaka. Wewe pika, mimi naandika."

Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, daftari gotini. Akaandika wanga. Akaandika siki. Akaandika maji. Mama Mwiko akakoroga, akaupitisha mkono kwenye kopo lililokuwa rafuni, akarusha kitu kwenye sufuria, akaendelea kukoroga.

"Hicho nini?"

"Kipi?"

"Ulichotia sasa hivi!"

"Sijatia kitu."

"Wifi, nimekuona kwa macho yangu mawili. Umetia chumvi!"

Mama Mwiko akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Miaka kumi na minne mkono ule ulikuwa ukitia chumvi kwenye uji kila alfajiri, na hakuna aliyeuambia kwamba biashara imebadilika.

"Nani atailamba hiyo mifuko, iwe na ladha?" wifi yake aliuliza, ameshika mbavu. "Sasa tazama hilo kopo lenyewe. Mvua zikianza, si chumvi inalowa humo humo bila kutiwa maji?"

Kicheko kikakatika. Wakatazamana.

Mama Mwiko akapika gundi mbili, moja na chumvi, nyingine bila. Wakabandika mfuko kwa kila gundi, wakasubiri zikauke, kisha wakaining'iniza juu ya maji yanayochemka. Kabla hata chai haijapoa, mfuko wa chumvi ukaachia kitako. Ule mwingine ukatulia, umejaa mvuke, haukuachia popote.

Mifuko thelathini ya gundi isiyo na chumvi ikapelekwa stoo, na siku ya tatu walikwenda huko pamoja. Mwoka mikate aliuchukua mfuko mmojammoja, akatia mikate miwili, akautikisa. Wa kumi, wa ishirini, wa thelathini. Mwishowe akautia mmoja jiwe la mizani la kilo tano. Karatasi ilichanika ubavuni, gundi haikuachia.

"Sasa nikalalamike kwa mwenye karatasi," alisema. "Mama, leta elfu tatu kwa wiki. Na ile ya plastiki niliyoagiza, nairudisha leo."

Mama Mwiko alipiga kigelegele ambacho wakanda unga waliacha kazi kuja kukisikiliza.

Saa tisa alasiri walikuwa wameshafika nyumbani, wamejinyoosha mkekani, miguu juu ya marobota ya karatasi.

"Sasa nataka kupaka mfuko kwa ndani," Mama Mwiko alisema. "Wanga uleule, uwe mwembamba, na nta ya nyuki kidogo. Mkate wa siagi usipenyeze mafuta. Halafu nipate karai kubwa, niwafundishe wale wawili waliokuwa wakiuza uji na mimi, tena kila mmoja nimsimamie mpaka..."

"Mpaka nini?"

Wifi yake aligeuka, akamkuta amelala, kinywa wazi. Akamfunika khanga miguuni, akajilaza ubavuni kwake, na kabla hajapata upande mzuri wa shingo, naye usingizi ukamchukua.