Kisima cha Bibi Kilipoingia Chumvi

Juzi nilikuwa kwenye harusi pale Mapinga, nikakaribishwa kipande cha mkate wa kumimina. Mkate mzuri, rafiki yangu, sikufichi. Juu umeiva rangi ya kahawia, ndani una vitundu vitundu, iliki inakufikia puani kabla mkono haujafika mdomoni. Wenzangu wanakula, wanacheka, wanatafuta pa kufutia vidole. Mimi nikauma, nikatafuna. Ulimi ulikuwa unazunguka mdomoni wenyewe, unatafuta kitu. Ulikuwa unatafuta chumvi.

Utasema huyu naye, nani anatafuta chumvi kwenye mkate wa kumimina? Kaa nikueleze.

Mimi nimelelewa Zinga na bibi mzaa mama, upande wa barabara unaoelekea baharini. Mama alikuwa kwenye kazi za watu mjini. Uani kwa bibi kulikuwa na mpapai, banda la kuku na kisima alichochimba babu kabla mama hajazaliwa. Majirani wote walichota pale, bure, na aliyekuja na ndoo asubuhi aliondoka na maji na umbea wa siku nzima.

Bibi alipika mikate ya kumimina ya kuuza. Mchele ulilala kwenye maji, alfajiri tukautwanga, tukakuna nazi, tukakamua tui, ukaja wakati wa hamira na kungoja uji wake uumuke. Kisha sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko. Mpaka leo nikisikia harufu ya mkaa na nazi pamoja najiona nina njaa hata kama nimeshiba. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji na kuyaonja. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba: maji hayagusi unga kabla mtu hajayaonja kwa kata ya kifuu iliyoning'inia kwenye mpapai. "Mchele hata dukani upo," bibi alikuwa akisema. "Lakini maji ya kisima hiki yako hapa tu." Mimi naonja, naitikia kwa kichwa kama mganga mkuu, yeye anacheka.

Aliniita mke mwenza, kama bibi wa pwani wanavyotutania wajukuu wa kike. "Mke mwenza," ananiambia huku anageuza makaa, "mikate hii itakupeleka mpaka kidato cha nne." Nami nilikuwa nimeshapanga kila kitu. Nikimaliza shule nitafungua duka la mikate lenye kabati la kioo, na bibi atakaa kwenye kiti mlangoni, kazi yake kupokea shikamoo za wateja tu. Nilikuwa nimemwambia hadi rangi ya kiti.

Halafu mvua zikaanza kutukimbia. Vuli ilikuwa inakuja kama mgeni anayepiga hodi na kuondoka kabla hujafungua mlango. Masika nayo ikawa ya kubahatisha. Ndoo ikawa haiyafikii maji kule chini, bibi akaiongeza kamba kwa kuunga kipande cha kanga chakavu. Mwaka uliofuata akaunga kingine. Ukiiangalia kamba ile ungeweza kusoma kanga zake zote za zamani.

Asubuhi moja bibi akakata mkate wa kwanza, akaonja pembe yake, akanigeukia.

"Mke mwenza, umetia chumvi mara mbili?"

"Sijatia hata mara moja, bibi."

"Basi imeingia kwa miguu yake."

Na maji nilikuwa nimeyaonja, wallahi. Tatizo ni kwamba niliyaonja kila siku. Kitu kinachobadilika kidogo kidogo ulimi haukishtukii, unakizoea tu. Waliokuwa wanakula mara moja moja ndio walioshtuka. Dereva mmoja wa bodaboda, mteja wetu wa siku nyingi, aliuma, akasimama, akauliza kwa sauti ya watu wote kusikia, "Bibi, leo umetupikia mkate au ng'onda?"

Baraza nzima ikacheka. Bibi naye akacheka, lakini macho yake yalikwenda nyumba ya pili. Pale alikaa jirani yetu, shoga yake wa tangu ujana, na biashara yake ilikuwa hiyohiyo, ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Ndoo zake zilikuwa zikinuka toka mbali.

"Shoga," bibi akamwambia mchana ule, "ndoo zako za samaki usizisuuze kwenye kisima changu."

"Kisima chako?" Jirani aliweka mkono kiunoni. "Tangu lini maji ya hapa yakawa na mwenyewe?"

"Tangu leo."

Jirani alimwaga chini maji aliyokwisha kuyateka, taratibu, mpaka tone la mwisho, akabeba ndoo tupu akaenda zake. Tangu siku hiyo akawa anafuata maji mbali, na akipita anatazama mbele.

Chumvi haikuondoka. Bibi akaamua kufanya kile ambacho kila mtu wa kwetu angefanya: kisima kikipungua, kichimbwe zaidi. Aliuza bangili zake za harusi akamwita fundi wa visima, mzee mwembamba mwenye utani mwingi. Majirani wakaleta mihogo na chai ya wachimbaji, ikawa kama sherehe. Fundi akashuka, akachimba, udongo ukapanda kwa ndoo, na maji yalipotokeza akapiga kelele kule chini, sisi juu vigelegele. Maji mengi! Ndoo ilipanda imejaa, jambo tulilokuwa tumelisahau. Bibi akachukua kata, akanywa kwa furaha funda kubwa.

Akatema.

Akanipa kata. Mimi ndiye muonjaji wa nyumba, si unajua. Ilikuwa bahari, rafiki yangu. Bahari kabisa, ndani ya ua wetu.

Mwalimu wetu wa sayansi alinieleza nilipomuuliza. Alisema maji ya mvua hukaa chini ya ardhi juu ya maji ya bahari kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Mvua ikikosekana, mafuta yanapungua. Bahari nayo inapanda, inasukuma. "Sasa nyinyi," akasema kwa huruma, "mafuta yalikwisha, mkateremsha kijiko zaidi." Nilimpelekea bibi maneno yale kama yalivyo. Alisikiliza akiwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua muda mrefu mchele ambao ulishakuwa safi.

Jioni akajitanda kanga, akachota maji kwenye kata, akaenda nyumba ya pili. Nilimfuata.

"Shoga, onja."

Jirani akaonja. Akakunja uso mpaka macho yakapotea. "Loo! Hata ng'onda wangu siwatii hivi!"

Wakacheka. Walicheka wameshikana mabega, na sijui ni wapi kile kicheko kiligeuka, maana nilipotazama tena wote wawili walikuwa wanalia.

Baadaye likaja bomba la mtaa. Tulilishangilia, bibi akafufua mikate, nami nikaingia sekondari kwa mikate ileile. Kisha masika moja mvua zikaja zote kwa pamoja, kama zilizokuwa zinadaiwa miaka yote ile. Maji yakabeba kalavati, na bomba lililopita juu yake likabaki linaning'inia hewani kama utumbo wa mbuzi. Likarekebishwa, mvua nyingine zikaling'oa. Tukawa tunanunua maji ya madumu kwa watu wa pikipiki, na barabara ilivyokuwa imekatika, dumu moja la maji likawa ghali kuliko mchele uliotaka kuulowekea. Hebu fikiria. Mvua ziliponyima tulikosa maji, na zilipomwaga tulikosa maji.

Bibi akaanza kuchanganya, nusu ya dumu, nusu ya kisima. Kisha robo. Kisha kidogo tu ya dumu, kwa heshima. Hamira haiipendi chumvi, mikate ikawa haiumuki, inakaa kama kandambili. Wateja waliondoka kwa adabu, mmoja mmoja, kila mmoja na sababu yake nzuri. Mikate iliyobaki tuliila sisi, asubuhi na jioni, miaka hiyo yote. Nilipomaliza kidato cha pili nikaenda kuosha vyombo kwenye mgahawa wa Mapinga. "Utarudi shule maji yakirudi," bibi aliniambia.

Mpapai ukakauka kuanzia juu. Plasta ya nyumba ikaanza kumenyeka kwa chumvi iliyopanda ukutani. Mama mkubwa akaja kumchukua bibi, akampeleka kwake Kiwangwa, kwenye mananasi na mihogo. Kiwanja kikauzwa. Nilipita siku moja, nikakuta uzio wa tofali, na kisima kimefukiwa kifusi. Nilisimama nje kama mwizi. Uani kwetu kulikuwa na sauti ya ndoo ikigonga ukingo wa kisima, ugomvi wa wanawake na vicheko vyao, na kifuu kikibembea kwenye mti. Hakuna aliyevibeba. Tulibeba vitanda.

Basi nilipotoka kwenye harusi ile niliamua kupika. Nilinunua maji ya boza, yale ya gari la tangi, nikayaonja kwanza, matamu, nikapika mkate kama alivyonifundisha, ukaumuka mpaka ukasukuma mfuniko. Nikaufunga kwenye kanga nikampelekea bibi Kiwangwa. Macho yake sasa hayaoni vizuri. Aliupapasa mkate kwa vidole, akatabasamu.

"Umeumuka," akasema. "Siku ile tuliyoingoja imefika, mke mwenza. Duka lako liko karibu."

Nikamkatia kipande. Akatafuna polepole. Akaacha kutafuna. Nikaona shavu lake likicheza, ulimi unazunguka mle ndani, unatafuta.

"Mke mwenza."

"Abee, bibi."

"Mzuri. Ila umesahau chumvi."

Nilikwenda jikoni kwa mama mkubwa, nikachota kidogo kwa vidole vyangu, nikarudi, nikamnyunyizia.